Kikao cha Ukoo kwa Ajili ya Figo

Daktari Winfrida Leodgar hajui kujishusha, na sisi wa mtaa wa Gungu tumeshamzoea. Muulize nani bingwa wa kupandikiza figo nchi hii, atajitaja bila kupepesa macho. Ana haki. Alizaliwa Kalinzi, mkoani kwetu huku huku, kwenye mashamba ya kahawa, na akiwa kidato cha nne alimzika kaka yake Alphonce, aliyekufa kwa ugonjwa wa figo. Leo ni miongoni mwa wapasuaji wa mwanzo wa kazi hiyo nchini, na utafiti wake kuhusu ndugu wanaochangiana figo unasomwa hadi ughaibuni.

Lakini mwaka juzi alichemsha, tena kwao.

Jirani yetu Leonardi, anayeuza dagaa kule Katonga, alikuwa anakufa. Figo zake zote mbili zilishagoma. Dada yake Veneranda akapimwa, akafaa, akakubali. Winfrida akapanga tarehe ya upasuaji Dar. Siku ya safari Veneranda hakutokea. Shangazi yao, Bi Melania, alikuwa amemzuia: kikao cha ukoo kimekaa lini, hata binti yetu atolewe kiungo?

Winfrida ni Muha, mila hiyo anaijua tangu utoto. Haraka za hospitali zilimsahaulisha. Akapanda ndege kutoka Dar, akavua viatu mlangoni kwa Bi Melania, akaketi mkekani.

"Shikamoo, shangazi. Nimekosa."

"Marahaba. Wewe ungetoa yako?"

"Ningempa Alphonce. Enzi hizo hakuna daktari aliyekuja kuniuliza."

Akalia mbele yetu sote, yule yule mwenye maringo. Roho zilituuma.

Ukoo ukakaa mchana kutwa. Je, Veneranda atazaa? Atalima? Anaweza kufa? Winfrida alijibu yote, hata hilo la mwisho, bila kuficha kitu. Jioni Bi Melania akasema, "Ego, sawa. Ila nami naenda."

Siku hizi fomu za Winfrida zina swali jipya: ukoo umekaa? Wanafunzi wake huwa wanacheka, mpaka awakazie macho.

Siku ya upasuaji Bi Melania alishinda kwenye benchi la korido, hataki chai wala maji. Winfrida akatoka, barakoa ikining'inia sikioni: Veneranda ameamka, na figo imeanza kazi palepale mezani. Bi Melania hakungoja zaidi. Akapiga simu Gungu na kupaza sauti, wauguzi wakageuka:

"Leonardi kakojoa!"

Mtaa mzima tukapiga vigelegele kwa ajili ya mkojo.