Jiwe la Kukandia Wazazi

Hapa Mfaranyaki mwanamke akijifungua, kabla hata mama mkwe hajapigiwa simu, mtu keshatumwa kwa Mama Beata. Jina lake ni Kunegunda, lakini nani anahangaika na jina refu hivyo huku mtoto analia? Kazi yake ni kukanda wazazi. Atakuchemshia maji, atakukandamiza tumbo kwa taulo la moto mpaka umtukane, naye atacheka: "Tukana tu mwanangu, ndiyo dawa inaingia." Mimi, Leticia, Mama Beata kanikanda uzazi mara tatu, na nina hasira za karibu, kwa hiyo nilimtukana vizuri.

Ila sifa yake kubwa ilikuwa jiwe. Marehemu mumewe, Hironimus, aliwahi kuwa kibarua kule Namtumbo, kwenye kambi ya kutafiti urani, yale madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia. Mashine zilikuwa zinatoboa ardhi na kutoa mawe ya mviringo, laini, utadhani miche ya sabuni. Halafu kule Japani kinu cha nyuklia kikaharibika, bei ikaporomoka, kambi ikafungwa, vibarua wakaambiwa kwaherini. Hironimus akarudi na godoro, ndoo na kipande kimoja cha jiwe la kijivu chenye michirizi ya njano. Akasema ni ukumbusho.

Mkewe hana muda na ukumbusho. Aligundua linatunza joto kuliko jiwe la mtoni, akawa analipasha majivuni, analifunga kwa khanga, anakulaza nalo tumboni saa nzima. Jamani, raha yake! Unalala mpaka unakoroma. Miaka kumi na tatu kazunguka nalo nyumba hadi nyumba.

Sasa dunia imebadili mawazo. Redioni kila siku ni urani, urani: mataifa yanajenga vinu vipya, umeme wao hauwatoshi, mzigo unatakiwa. Malori yanapita kuelekea Namtumbo yamefunikwa maturubai. Watoto wanayapungia mkono, madereva wala hawageuki. Mimi sikuyapenda tangu mwanzo. Usiniulize kwa nini, sikuyapenda tu.

Mwezi uliopita Beata, binti yake wa pekee, akaja kujifungulia nyumbani. Ameolewa Mjimwema, kakaa miaka saba bila mtoto, watu wamesema mpaka wamechoka wenyewe. Kapata wa kike. Mama Beata akaapa kumkanda binti yake siku zote arobaini, asubuhi na jioni, jiwe lisipoe.

Siku ya kumi na moja akaja Calvin, mpangaji wao, anayefanya kazi ya kupima mawe huko Namtumbo. Alikuwa mapumzikoni, akapita kumwona mtoto, mkoba begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nawa mikono kwanza."

Hakufika chumbani. Alipopita jikoni kitu kikaanza kulia mkobani, ti-ti-ti. Akakitoa: kidude cha njano, kama redio ndogo, alichosahau kukizima. Akakisogeza huku na huku, kikamvuta mpaka kwenye majivu, na hapo kikapiga kelele bila kupumzika.

"Mama, hili jiwe umelitoa wapi?"

"La mume wangu. Kwani limekuibia nini?"

Calvin hakucheka. Akauliza linafanya kazi gani. Alipoambiwa, akaketi juu ya ndoo, akasema jiwe lina urani, na mionzi yake inadhuru mwili bila mtu kujua.

Mama Beata akamshika mkono, akamkokota chumbani. Beata alikuwa usingizini, katoka kukandwa muda si mrefu.

"Pima mtoto."

Kidude kikatulia.

"Pima mama yake."

Kimya. Mama Beata akashusha pumzi. "Basi wako salama?"

"Hiki kinapima mionzi iliyopo sasa hivi, mama. Madhara yaliyokwisha kuingia mwilini hakiyajui."

"Nani anayajua?"

Calvin akarudi jikoni. Akalinyanyua jiwe kwa koleo, akalitia kwenye debe, akafunika, akaondoka nalo. Atauliza kazini, alisema, na tafadhali asitajwe, kwa sababu kile kidude hakuruhusiwa kutoka nacho. Tangu Jumatatu simu yake haipatikani. Maneno nusu nusu! Nikimtia mkononi kijana yule, yaliyobaki nitamtoa kwa koleo lilelile.

Haya yote kanieleza Mama Beata mwenyewe jana mchana, kasimama mlangoni kwangu, kiti amekikataa. Anasema atapita kila nyumba aliyokanda, kuanzia hapa mpaka Matogoro, na zote anazikumbuka. Nilitaka kumfokea. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Kumbe mkono wangu uko tumboni, sijui niliuweka saa ngapi. Niliogopa, nasema kweli, nikakikalia kile kiti mimi.

"Beata amesemaje?" nikamwuliza.

"Beata sijamwambia," alisema. "Nimeanza na wewe, ili nijifunze kulisema."