Toleo Jipya Wiki ya Makambi

Toleo jipya la mfumo wa simu lilitangazwa kuwa litatoka mwezi wa nane, na nilipotazama kalenda niliona litaangukia wiki ya makambi, ile wiki ambayo Wasabato wa kwetu huhamia kwenye mahema kusali na kuimba. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimeandika programu moja tu maishani mwangu, na mtu wa kwanza kuitumia alikuwa Mwalimu wa kwaya wa huko Itumbe, ambaye aliwahi kunivisha kinanda shingoni.

Nianze na hicho kinanda. Nilikuwa kidato cha pili. Shule ilikuwa na kinanda kimoja cha umeme, nami nilitaka kujua sauti inatoka wapi, nikakifungua kwa kisu cha jikoni wakati wenzangu wako mapumzikoni. Mwalimu, aliyetufundisha muziki, alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya vitufe vyeupe kama meno yaliyong'olewa. Hakunichapa. Alivitunga kwenye kamba ya katani, akanivisha, na wiki nzima nikasimama navyo gwarideni kila asubuhi, vikigongana kila nilipovuta pumzi.

"Huyu ndiye fundi wetu," aliwaambia wanafunzi. "Mpigieni makofi."

Walipiga. Jumatatu iliyofuata sikurudi shuleni, na hakuna aliyekuja kuniuliza.

Tangu hapo nimefanya kazi nyingi na sikudumu hata na moja. Nilichuma chai Nyamira. Nilipakia ndizi Suneka. Nilisukuma mkokoteni Kisii mjini mpaka mwenye kibanda cha kutengeneza simu akanipa stuli na bisibisi. Kwenye stuli ile ndiko nilianza kuandika programu, kwa hamu ileile iliyonifanya nifungue kinanda. Nilisoma kwenye mtandao, nikakosea, nikasoma tena.

Mwalimu alinikuta hapo kibandani. Alikuwa amestaafu ualimu, anaongoza kwaya ya kanisa lake, na masikio yake yalikuwa yanakufa. Kwaya yao huimba bila ala yoyote: kiongozi huvuma noti ya kwanza kwa sauti ndogo, waimbaji wakaichukua. Akiikosea hiyo, wimbo wote umeharibika kabla haujaanza. Kwa miaka mingi alikuwa akitumia kiuma cha chuma ambacho ukikigonga hutoa sauti moja isiyobadilika.

"Nikikigonga sikisikii," alisema, akitazama mlangoni kuona kama kuna mtu. Halafu akanitazama mikono. "Wewe ndiye wa kinanda."

"Ndimi, Mwalimu."

"Umejifunza kufunga pia, au bado ni kufungua tu?"

Nilimwandikia programu. Alikuwa anaweka simu mfukoni, kioo kikiwa kimezimwa, na kisikizi kidogo kisicho na waya ndani ya sikio, chini ya kofia. Akibonyeza kitufe cha pembeni, noti inamlilia sikioni kwa nguvu, yeye anaivuma, kwaya inaichukua. Walimu wengine wa kwaya, mpaka upande wa Nyamira, waliipata programu hiyo na kuitumia mbele za watu bila kuona haya. Yeye aliificha. Watu walisema sikio lake ni kipawa kutoka kwa Mungu, naye aliwaacha waseme, kwa sababu kwaya ndiyo kitu pekee kilichokuwa kimembakia cha kuongoza.

Niliwahi kwenda kwenye mazoezi yao ili nione programu inavyofanya kazi. Nilisimama dirishani. Katikati ya wimbo, dada mmoja aliyeongoza sauti ya pili, karani wa kituo cha kupimia majani ya chai, alipotea nusu noti, nilimsikia waziwazi. Mwalimu alisimamisha wimbo, lakini hakumtazama yeye. Alizitazama nyuso zote, moja baada ya nyingine, mpaka akafika kwa mwanamke mmoja kijana aliyeinamisha macho.

"Wewe. Imba peke yako."

"Mwalimu, mimi nimeimba sawa."

"Kwa hiyo sikio langu ndilo linadanganya?"

Yule mwanamke aliimba peke yake mara nne, sauti ikimtetemeka zaidi kila mara, mpaka machozi yakamzuia. Yule karani akainuka. "Mwalimu, aliyekosea ni mimi."

"Kaa chini. Wewe hukosei."

Hapo nikaelewa jinsi alivyokuwa akiongoza. Kosa hakulisikia. Alimtafuta mwenye woga, akampa kosa. Na hakuzungumza kamwe na mtu asiyesimama mbele yake uso kwa uso. Alisema ni adabu, kumbe alikuwa akisoma midomo. Nilitoka pale nimefurahi, nakiri hivyo, kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba ya mwenzake.

Kuandaa programu kwa ajili ya toleo jipya ni kama kusoma barua za mtu asiyekujua. Kampuni huandika kurasa na kurasa za mambo yatakayokatazwa, nawe unatafuta lako. Langu lilikuwa kwamba programu haitaruhusiwa kutoa sauti kioo kikiwa kimezimwa, mpaka ijieleze kwa mfumo kazi yake ni ipi. Nilipakia toleo la majaribio kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikabonyeza kitufe, kimya. Nilihangaika wiki tatu. Noti ikarudi, safi kabisa, na kila nilipojaribu haikukosa.

Lakini hiyo ilikuwa simu yangu. Simu ya Mwalimu ilitoka kiwanda kingine, cha wale wanaoongeza masharti yao juu ya masharti ya mfumo: programu ikionekana imelala, wanaizima ili betri idumu. Nilishuku itakufa tena kwake. Kushuku hakutoshi, nilihitaji simu yenyewe mkononi, niiwekee toleo la majaribio, niitazame ikifa, nijue inafia wapi. Nilitafuta ya aina yake mji mzima, nikapata moja imeharibika kwa maji.

Nikaenda kwake. Ilikuwa Jumamosi alasiri, siku pekee niliyokuwa na nafasi. Alikuwa amekaa barazani na mkewe na wazee wawili wa kanisa. Nikasimama mbele yake.

"Mwalimu, naomba simu yako siku mbili tu. Kuna jambo nataka kulijaribu."

"Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Wewe unaiita Jumamosi. Hapa ni Sabato. Jua limetua?"

"Bado, Mwalimu."

"Halafu unaniletea kazi nyumbani kwangu." Akawageukia wazee. "Mnamwona huyu? Alivunja kinanda cha shule nzima. Sasa amekuja kuchukua simu yangu."

Wazee walicheka. Mkewe alicheka akijifunika mdomo. Mmoja wa wazee akaniuliza, "Momura, kijana wetu, na hapa utabakisha nini, mabati?" Wakacheka tena, nami nikacheka nao, maana ukisimama mbele ya watu wanaokucheka mikono yako inakosa pa kwenda.

Nilipokuwa langoni, Mwalimu alinifuata peke yake. Alihakikisha wale wako mbali.

"Hiyo apdeti wanayotangaza redioni. Ikija kwenye simu, niikubali?"

Jibu lilikuwa fupi. Usikubali mpaka makambi yaishe. Lilikuwa tayari mdomoni, kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyonileta.

"Ikubali, Mwalimu," nilisema. "Ni ya usalama."

Hakuna uwongo katika maneno hayo. Toleo lile lilikuwa kweli la usalama. Na ndani ya programu nilikuwa nimeweka kipande kidogo cha kuniletea taarifa kila inapozimwa kwa nguvu, ikisema imezimwa wapi na nani. Nilichokosa kilikuwa simu moja tu ya programu kufia. Niliteremka mlimani katikati ya mashamba ya chai nikijiambia kwamba ni kazi.

Makambi yalikuwa kwenye uwanja wa shule upande wa Nyamira. Mimi si mtu wa kanisa, nilienda kutazama. Asubuhi ya Sabato nilikuwa nyuma ya mahema, karibu na masufuria ya chakula kilichopikwa Ijumaa, wakati Mwalimu aliponijia na joho lake la kwaya, jasho likimtoka chini ya kofia. Aliniona kabla sijajificha, na sidhani ningejificha.

"Imekufa," alisema.

"Nini?"

"Usinichezee. Jana nilikubali ile apdeti. Sasa nabonyeza, hakuna kitu. Tunaimba baada ya ombi hili."

Nikaipokea simu. Ilikuwa kama nilivyodhani. Dawa ya muda ilikuwa kuingia kwenye sehemu ya betri, kugusa jina la programu, kuchagua iachwe ifanye kazi. Miguso mitatu. Kidole gumba changu kilikuwa tayari juu ya kioo.

"Unaweza?"

"Ni kazi ndogo sana, Mwalimu. Lakini leo ni Sabato."

Alinikazia macho midomoni, akadhani ameisoma vibaya. Nikarudia polepole, nikifungua mdomo vizuri ili asikose hata herufi. "Jua halijatua."

"Hii si kazi. Ni kumsifu Mungu."

"Kwako. Kwangu mimi ni kazi. Sina nyingine."

Kule mbele ombi lilikuwa linafika mwisho. Niliona watu wakianza kufungua macho. Yeye hakujua, maana alikuwa amewapa mgongo.

"Nakuomba, mwanangu."

Hakuwahi kuniita hivyo. Lilinipendeza sana neno hilo. Nililichukua, nikamrudishia simu yake kama ilivyokuwa.

"Nitakuja jua likitua," nilisema.

Alisimama mbele ya kwaya na kuinua mikono. Niliona mkono wa kushoto ukishuka mfukoni, ukibonyeza, ukibonyeza tena. Halafu akavuma noti ya kubahatisha. Ilikuwa juu mno. Sauti ya kwanza ilipopanda kwenye mstari wa pili ilipasuka, na watoto waliokaa mbele wakacheka. Akawasimamisha. Akavuma nyingine, chini mno, na wanaume wa besi wakanguruma kama mashine ya kusaga. Uwanja mzima sasa ulikuwa unacheka kwa adabu, kile kicheko cha kujifanya unakohoa. Ndipo yule karani, akiwa kwenye mstari wake na bila kuangalia mtu, akavuma noti yake mwenyewe, na kwaya yote ikaishika kama kamba.

Waliimba vizuri. Mwalimu alipunga mikono, lakini alikuwa nyuma yao kwa kipande cha pumzi, akiwafuata kwa macho, kama mtu anayekimbilia gari lililokwisha kuondoka. Hakuna mwimbaji aliyemtazama. Walimtazama karani.

Kabla hawajakaa, taarifa iliingia kwenye simu yangu. Ilionyesha mahali hasa programu ilipozimwa. Niliisoma pale pale, nimesimama kati ya masufuria, na moyo ukanidunda kwa raha. Sasa nilijua. Nilikuwa na uwezo wa kuirekebisha kwa kila mwenye simu ya kiwanda kile.

Lakini kwa Mwalimu hakuna kilichobadilika. Mzee wa kanisa alisimama akasema kiongozi wetu ana mafua, tumwombee koo lake. Wakamwombea. Akina mama walimletea maji ya moto. Mchana kutwa watu walimpa pole, naye akawa anakohoa kidogo kila anapopewa. Alikuwa amepona. Kesho kutwa angerudi kwenye mazoezi na kumliza mtu mwingine. Nilikula wali wao uliopoa nikiwa nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Jua lilipotua, ombi la kufunga Sabato likasemwa, na watu wakaanza kukunja mahema. Nilienda kutimiza ahadi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, amenipa mgongo, anafuta miwani yake kwa pindo la joho, faili la nyimbo magotini. Kisikizi alikuwa amekitoa. Hatua chache kutoka kwake waimbaji walikuwa wanakunja majoho yao. Nilijua namna ya kuzungumza naye. Ilinibidi kuzunguka hatua nne tu, nisimame mbele.

Nilibaki nyuma.

"Mwalimu," niliita.

Aliendelea kufuta miwani.

"Mwalimu, nimekuja."

Majoho mawili matatu yakaacha kukunjwa. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Mwalimu, hunisikii?"

Wapishi waligeuka. Mtu aliyekuwa anang'oa vigingi vya hema akasimama na nyundo mkononi. Mwalimu aliinua miwani kwenye mwanga uliobaki, akaona doa, akaendelea kufuta.

Yule karani aliweka chini joho lake. Alikuja akasimama kando yangu, akanitazama. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuombana chumvi:

"Mwalimu, nyumba yako inaungua."

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Yule mwanamke kijana aliyewahi kuimbishwa mara nne alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Inaungua, Mwalimu," karani alisema tena. "Na mke wako yumo ndani."

Mwalimu alivaa miwani yake. Karani akazunguka hadi mbele, akainama mpaka uso wake ukafikia wa Mwalimu, akatabasamu.

"Umechoka leo, Mwalimu. Nipe hizo nyimbo nikubebee."

"Asante, binti yangu," alisema, akamkabidhi faili lote, akamwomba Mungu ambariki.