Mshenga wa Léonard

Léonard wa Kibua alikuwa mtu wa vipepeo, na mpaka leo nikimkumbuka nakasirika kwa niaba yake. Mwaka wa 1962 alifanya kazi kwa mtafiti mmoja Mbelgiji aliyejenga kibanda cha chandarua kando ya msitu. Humo waliwekwa vipepeo weusi wenye mkanda wa buluu mabawani. Léonard aliwapaka baadhi ya madume wino mweusi mpaka mkanda ukafichika, kisha akakaa kutazama majike watamkubali dume gani. Waliopakwa walizungukazunguka bure. Majike waliwakimbia.

Jioni alimsimulia hayo rafiki yake Damien, wakacheka mpaka machozi.

Wakati huo Léonard alimpenda Dorothée, binti wa Kibabi, kule milima ya Masisi, aliyekuja Kibua kumsaidia shangazi yake shambani, kisha akarudi kwao. Léonard alitaka kwenda kuposa. Mtafiti akakataa katakata: vipepeo wapya wanatoka, hakuna ruhusa. Basi akamtuma Damien awe mshenga, akamvika koti lake la pekee, lile la kahawia lenye vifungo vya shaba.

"Wakikuona weye, wanione miye," alimwambia.

Hebu fikiria! Mtu anayetazama madume kutwa nzima, anampamba mwenzake kwa mikono yake na kumpeleka kwa mchumba. Lakini alimwamini, na kumwamini rafiki si ujinga.

Miezi ikapita. Kila msafiri aliyetoka Masisi alileta neno lile lile la Damien: kuwa na subira, wazee bado wanashauriana. Mwishowe mmoja akasema amemwona Damien akijenga nyumba Kibabi. Léonard aliacha kazi asubuhi hiyo hiyo, akapanda milima kwa miguu.

Alimkuta Dorothée ameketi uani, akichambua maharagwe.

"Damien alikudanganya," Léonard alisema. "Ile koti iko yangu."

"Najua, kaka. Alituambia siku ya kwanza. Maneno yako yote alisema, na papa yangu alikukubali." Dorothée aliweka ungo chini. "Nilimutuma akurudilie, ukuye kuniposa mwenyewe. Akarudi, akasema ulikatala kuacha vipepeo."

Léonard alifungua mdomo amwambie kwamba hakuna aliyemfikishia neno hilo. Dorothée akainuka kwa shida, mkono kiunoni, na Léonard akaliona tumbo chini ya kitenge. Akauokota ungo, akampa, akaaga.