Sabuni ya Rispa Haikuwa na Kosa

Siku ile naikumbuka, mwanangu, na hata sasa nikiitaja nasikia uso ukiniwaka. Ilikuwa Ijumaa, hapa hapa Kakamega mjini, nami nilikuwa msichana wa maabara, koti jeupe na maneno mengi. Nilitaka kuwahi gari la Khwisero, kwa sababu kesho yake dada yangu alikuwa analetewa ng'ombe wa mahari.

Kazi yetu nikueleze kwanza, maana mjukuu wangu hunicheka eti tulikuwa tunafuga wadudu. Tulifuga seli zao tu, zilizotolewa zamani huko ng'ambo mwilini mwa kiwavi, yule yule anayemaliza mahindi ya watu Likuyani siku hizi. Tulizilisha ndani ya chupa, kisha tukaziambukiza virusi vya wadudu, visivyomdhuru binadamu, vilivyopachikwa jeni moja ya ule ugonjwa wa kuku wa kupinda shingo. Seli ikishaambukizwa, kabla haijafa inakutengenezea protini ya ugonjwa huo, na kwa protini hiyo tungeweza kupima damu ya kuku wa wakulima.

Sharti lilikuwa moja: seli safi kwanza, virusi mwisho. Ukishashika virusi, siku hiyo usirudi tena kwenye chupa mama, ile tuliyokuwa tukichotea seli za chupa nyingine zote. Mzee Shaban, mkuu wetu, mtu wa Mumias, akimaliza salamu tu analitaja. Basi mimi Ijumaa hiyo nikaanza na virusi, nikakumbuka chupa mama haijalishwa, nikailisha kwa chakula kile kile na mikono ile ile. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ile ningesikia wapi? Nikaenda zangu kwenye sherehe ya mahari.

Katikati ya wiki, darubini ilionyesha seli za chupa mama zimevimba, haziongezeki, zinaelea. Nilijua papo hapo kwamba ni virusi, na mkono wangu ndio ulioviingiza. Mwenzangu mmoja akasema labda chupa zilibaki na sabuni, maana hata sabuni kidogo huua seli. Macho yote yakamgeukia Rispa, mama aliyekuwa akituoshea chupa, kibarua asiye na barua ya ajira.

"Mimi nasuuzanga mara sita," alisema. "Huyu mdogo wangu ananionanga." Mdogo wake ndiye mimi. Nikatazama viatu vyangu. Rispa akaambiwa aende nyumbani, nasi tukaanza upya na akiba ya seli za barafuni.

Kwao kulikuwa Khwisero vilevile, si mbali na kwetu. Baada ya wiki kadhaa nikapita kumjulia hali, nikijidanganya kwamba huo ni wema. Alinikaribisha vizuri, akasuuza kikombe mbele yangu mara nne, mara tano. Watoto wakacheka.

"Wacha wacheke," akasema. "Mimi sabuni naiogopa sasa. Kama iliua vile vitu vyenu, si itaua hawa? Niambie ukweli, wewe umesoma."

Loo, mwanangu! Nikanywa chai yake, nikasema ni sawa tu dada, nikaaga. Njia nzima nililia, lakini machozi hayajawahi kumrudishia mtu kazi.

Jumatatu nikamwambia Mzee Shaban. Hakupaza sauti. "Kuharibu chupa, hata mimi nimeharibu," akasema. "Lakini mama wa watu umemwacha aende nyumbani akijiona mwuaji. Barua ya kumrudisha nitaandika mimi. Ukweli utampelekea wewe, kwa mdomo wako, mbele ya wale watoto waliomcheka."

Nikaenda, nikasema yote nimesimama. Rispa akaniuliza:

"Na siku ile ulikunywa chai yangu?"

Alirudi kazini, akaosha chupa zetu miaka mingi, salamu zake zikiwa njema. Ila zamani aliniita mdogo wangu. Tangu siku hiyo akaniita daktari, na cheo hicho sikuwa nacho.

Sasa wewe unayeanza kazi, nisikilize. Utakosea. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Seli hufa, na nyingine huota. Lakini kosa lako likitafuta mwenyewe, liitikie siku hiyo hiyo, kabla halijaingia nyumbani kwa mtu asiye na mtu wa kumsemea. Ukichelewa, sema hata hivyo, ingawa utakuta kuna kitu kimeshakwenda.

Mungu akupe mkono mtulivu, mwanangu, na ulimi usioogopa kusema "ni mimi". Na watu wanaokuoshea chupa wakuite ndugu yao mpaka uzeeni.