Wiki ya Kula na Mkwe

Kilichoninyima usingizi ni neno moja nililomjibu shemeji yangu kwenye simu: hamna. Aliniuliza kama kuna desturi yoyote ya kwetu anayopaswa kuijua kabla ya kumkaribisha mama mkwe wake Hispania kwa wiki nzima ya kula. Nikaandika hamna, nikaongeza kwamba mama ni mtu wa kisasa, nikaweka na kikatuni cha kucheka. Tangu hapo nikawa nageuka kitandani na swali lile lile: nimemdanganya, au kweli siku hizi hamna?

Ipo, na kila mtu kwetu anaijua. Mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Wanaweza kusalimiana, wakaulizana habari za mvua, hata wakasali kanisa moja, lakini mkwe asimwone akitafuna. Sisi watoto tuliikuta hivyo. Ukiuliza sababu unaambiwa ni heshima, na ukirudia kuuliza unatumwa maji.

Mama mkwe mwenyewe ni mama yangu mdogo, anayeishi Kabasa, Bunda, na kuuza dagaa na mashudu ya pamba. Binti yake, ambaye mimi namwita dada, aliolewa na Mhispania aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, mtu mpole kutoka kaskazini ya nchi yao, mwenye Kiswahili cha kutafuta maneno. Sasa wanaishi huko. Dada hajarudi nyumbani tangu harusi, na shemeji alitaka kumshtukiza siku yake ya kuzaliwa kwa kumletea mama yake. Kwa hiyo hakuweza kumuuliza dada chochote. Aliniuliza mimi, kwa sababu nina shahada ya utalii, sina kazi, na nashinda Kigera, Musoma, kwa wazazi wangu nikiwa na simu mkononi.

"Mama alinilisha sana," aliniambia. "Sasa ni zamu yangu."

Nikaipanga ile wiki kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana ana ofisi. Waanzie San Sebastián, ambako watu hutembea kwenye vichochoro vya mji wa zamani wakiingia baa hii na ile, kila mahali wanakula kipande kimoja cha mkate chenye samaki au uyoga juu yake. Kisha waende kwenye nyumba moja ya shambani inayotengeneza pombe ya matufaha, ambako wageni huketi kwenye meza ndefu na kukata kutoka pande moja la nyama. Getaria wale samaki mzima wa kuchomwa kwenye makaa. Santoña wawaone wanawake wanaosafisha kwa mikono visamaki vya kutiwa chumvi. Wamalizie Galicia kwa pweza wa pilipili nyekundu kwenye sahani za mbao. Kila mlo niliwaweka watu watatu, meza moja. Siwezi kusema nilisahau desturi. Niliiona, nikaipita.

Nilishawahi kuipita siku ya harusi, Butiama, nyumbani kwa babu. Shemeji alikuwa ameketi uani na rafiki zake waliotoka kwao, na mama mdogo alikuwa ndani, mahali alipopaswa kuwa. Shemeji akaniuliza mbona mama haji kula na sisi. Rafiki zake wote wakanigeukia, wakisubiri. Nilijisikia kama nimeulizwa kwa nini kwetu hatuvai viatu. Nikasema amechoka. Wakatikisa vichwa kwa huruma, wakaendelea kula.

Jumamosi moja nilienda Bunda kumwonyesha mama mdogo mpango wake. Nilimkuta kwenye kibanda chake sokoni, amekaa nyuma ya fungu la dagaa.

"Shikamoo mamdogo."

"Marahaba. Msomi wetu huyo! Umeniletea Hispania, au umefuata dagaa zangu?"

"Vyote viwili."

"Nilijua. Kaa hapo."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea simu kwa mikono miwili kama mtu anayepewa kitoto kichanga. Alimcheka sana pweza. "Na hii miguu yote inalika? Huyu akiamka tumboni itakuwaje?" Alipofika kwa visamaki vya Santoña akaniangalia. "Hawa si dagaa? Mtu apande ndege kufuata dagaa?"

"Ni wa baharini, mamdogo. Wa chumvi."

"Wa chumvi ninao gunia zima, na wala sijapanda kitu."

Mteja akaja, akahudumiwa kwa utani, akaondoka. Mama mdogo akarudi kwenye picha. Ilikuwa ya ile meza ndefu, watu wamebanana bega kwa bega, kila mmoja ameshika kisu.

"Hapa mkwe wangu anakaa wapi?"

"Hapa. Wewe huku, dada huku, yeye mbele yako."

Alinirudishia simu, akaanza kulisawazisha fungu la dagaa ambalo lilikuwa limekaa sawa.

"Basi andika humo kwamba nitakuwa na mfungo."

"Mfungo gani tena?"

"Wa maombi. Wiki nzima. Mtu akifunga hasumbuliwi. Nitabeba karanga na mihogo yangu, nitakuwa nakulaga chumbani."

"Mamdogo, ile ni safari ya kula."

"Ya kwenu. Mimi naenda kumwona mwanangu."

Nikajikuta nabishana naye, mimi niliyetakiwa kunyamaza. Nikamwambia siku hizi watu wamebadilika, na yeye ameokoka, ana pasipoti.

"Kuokoka kunafuta heshima? Pasipoti ndiyo itanimezea?" Aligusa koo. "Chakula kitakwama hapa hapa, mwanangu. Sijui nikuelezeje." Kisha akashusha sauti, ingawa jirani wa kibanda cha pili alikuwa mbali. "Ila usije ukamwambia mtu kwamba nimekataa. Watasema mwenzao kaoa kwa washamba."

Sijui kama aliona uso wangu. Neno hilo ndilo nililokuwa nalikimbia tangu Butiama. Yeye naye alikuwa analiogopa, ila alikuwa tayari kukaa na njaa katikati ya vyakula vyote vile ili lisimfikie binti yake. Mimi nililikimbia kwa kumtupia yeye mzigo.

Nikirudi Musoma niliwaza kila upande, kama kawaida yangu. Nikimwambia shemeji, atajua nilimdanganya, na mama mdogo atakuwa ameaibishwa baada ya kunikataza kwa mdomo wake. Nikimwambia dada, siri ya watu imeharibika. Nikinyamaza, dada atamwona mama yake anasukuma sahani siku yake ya kuzaliwa, naye si mjinga. Ataelewa papo hapo na atalia. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kwetu wakwe hawaambiani mambo mazito ana kwa ana. Kuna mshenga. Kazi yake ni kufikisha neno kama lilivyo. Shemeji aliponiuliza lile swali alikuwa amenikalisha kwenye kiti cha mshenga, na mimi nikalipinda neno ili nipendeze.

Jumapili baada ya ibada nilimpigia. Sikutaka kuandika, kwa sababu ningerekebisha sentensi mpaka zirudi kuwa uongo.

"Shemeji, niliposema hakuna desturi, ipo."

"Ipo? Niambie."

Nikamweleza. Nilizungumza haraka sana, ikabidi aniombe nirudie. Niliporudia nikawa nasikia vyombo vikioshwa upande wake.

"Kwa hiyo kule Butiama," alisema polepole, "hakuwa amechoka."

"Hakuwa amechoka."

"Mimi nilifikiri hanipendi. Muda mrefu nimefikiri hivyo."

Mimi ninayewaza kila kitu sikuwa nimeliwaza hilo hata mara moja. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu.

"Ile nyama uliyoisifu siku ya harusi aliipika yeye," nilisema. "Alikaa ndani kwa sababu anakuheshimu. Mimi ndiye niliyeona aibu kukwambia."

"Aibu ya mama?"

"Ya sisi wote. Mbele yenu."

Hakucheka. Hakunifariji pia, na nilishukuru. Aliuliza tu, "Sasa tufute safari?"

"Tusifute. Nipe mpaka jioni."

Ile nyumba ya pombe ya matufaha niliitoa. Getaria nikaweka meza mbili, ya shemeji nje upande wa bandari, ya mama na binti ndani, na Galicia vivyo hivyo. San Sebastián haikunipa shida yoyote: shemeji atatangulia baa moja mbele, ataagiza, atalipa, atasema kuna wanawake wawili wanakuja, kisha atahamia baa inayofuata. Mama na binti watakapoingia, yeye ameshatoka. Jioni watakutana wote watatu ufukweni na kutembea, kwa kuwa kutembea pamoja hakukatazwi.

Kabla ya kuutuma mpango huo nikampigia mama mdogo, nikamwambia kwamba mkwe wake anajua, kwamba nimesema kosa ni langu, na kwamba sikusema amekataa kitu.

"Alikasirika?"

"Hapana. Aliuliza tu kama tufute safari. Nikasema tusifute."

"Basi sawa," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Lakini ungeniambia kwanza, mwanangu."

"Ndiyo, mamdogo."

Alikuwa sahihi. Nikarudi kwenye mpango. Juu kabisa, kabla ya jina la mji wowote, nikaandika desturi yetu kwa sentensi moja, bila kuomba radhi na bila kikatuni, nikautuma.