Tekla wa Tlawi, Aliyefariki Bila Kusalimiwa

Alizaliwa Tlawi mwaka 1919, msimu wa baridi, nyumbani kwa Hermani, mkulima wa mtama na maharage. Wakunga walishuhudia kwamba sauti yake ilitangulia kichwa. Utotoni hakutenda muujiza wowote, alisema tu: alisema na ng'ombe, alisema na mbuzi, alisema wakati wa misa mpaka katekista akamhamishia mlangoni, naye akaanza kuwasemesha waliochelewa. Waamini wasikwazwe na jambo hili, kwa maana Mungu hutumia alichokikuta.

Mwaka 1938, katika kijiji cha Bashay, mtoto anyonyaye wa mama mmoja, Perpetua, alifariki. Kwa desturi, nyumba yenye msiba wa namna hiyo ilitengwa kwa miezi mingi: wenyewe wasisalimiwe, wasichote maji na wengine, wala mtu asivuke kizingiti chao, asije akabeba mkosi. Mume wa Perpetua alikuwa kibaruani Arusha. Perpetua mwenyewe alilala na homa, mtungi mkavu. Tekla alipopata habari, alivuka kizingiti na maji. Tangu siku hiyo naye hakusalimiwa. Hata baba yake, alipokutana naye njiani, aligeuza uso. Mashahidi wengine wa imani walichomwa moto; huyu alinyimwa "umeamkaje", na kwa mtu wa aina yake tusiharakishe kusema lipi lilikuwa jepesi.

Wakati huohuo Gidahosh, kijana wa nyanda za Hanang, alikuwa ameua simba kwa mkuki. Alitembezwa kwa jamaa zake, amepakwa siagi, akipewa ng'ombe, wasichana wakimwimba. Msafara ulipopita Bashay, Tekla alisimama njiani na mtungi. Homa ilikuwa imekwisha kumpata.

"Kaka, nisaidie kuufikisha mlangoni. Mikono haishiki."

Shujaa alirudi nyuma.

"Simba nilimwona meno," akasema. "Huo mkosi wenu siuoni."

"Basi wewe ni hodari wa vinavyoonekana. Haya, imbeni kwa nguvu, msije mkanisikia."

Wasichana waliimba, lakini wimbo ulikwenda upande.

Baada ya siku chache Gidahosh alirudi peke yake, bila mapambo, amebeba maji. Ingawa alimzidi Tekla kwa umri, aliinama mlangoni akasema, "Shikamoo." Yule aliyewajibu hata mbuzi hakujibu. Aliyetoka ni Perpetua, akitembea kwa kushika ukuta, akapokea mtungi.

Gidahosh ndiye aliyechimba kaburi la Tekla; hakuna mwingine aliyekubali. Wimbo wa simba wake bado unaimbwa Hanang. Wimbo wa Tekla haupo. Wapo wanaosimulia kwamba mtungi wake haukupungua kamwe. Perpetua, aliyeishi hadi uzeeni, alilikana jambo hilo: ulikwisha kila siku, ndiyo maana Tekla alirudi kila siku.

Ndugu waamini, simba tuwaache. Wamebaki wachache, na wengi wao hawajatukosea. Lakini kila kijiji kina nyumba ambayo watu huipita wakitazama kwingine. Hapo tupige hodi. Wazee wanaofika kaburini Bashay humwamkia shikamoo binti huyo wa miaka kumi na tisa, kisha hutega sikio, kama watu wanaongoja kujibiwa.