Kilichodunda Tumboni mwa Esperansia

Zamani za Mwingereza, pale Nyamiaga, Esperansia alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuzaa ndipo tumbo lake likaanza kudunda. Wenzake wa rika walikuwa na wajukuu. Mama mkwe wake, Clotilda, alimlaza mkekani, akaweka kiganja juu ya kitovu, akatulia kama anayesikiliza mlangoni.

"Anacheza," akasema. "Huyu wa kiume, hana adabu."

Tangu hapo Esperansia akalindwa kama yai. Mtungi hakuinua, jembe hakushika. Majirani walimtania kwamba anashindana kuzaa na wake wa watoto wa wenzake. Alicheka nao, ila usiku alijiuliza: mtoto gani huyu asiyelala hata kidogo?

Kisha kaka yake, Protasi, akaanguka. Alikuwa shambani akipogoa migomba, akashika kisogo, akasema kichwa kinapasuka, akatapika. Jua halijazama, hayupo. Watu wakasema karogwa. Esperansia akajifunga nguo aende kumzika, lakini Clotilda akasimama mlangoni. Mwenye mimba haendi kaburini. Mtoto huzaliwa baridi.

"Kaka yako amekwisha, mwanangu. Huyu bado."

Akarudi akaketi. Vilio vilivuka bonde vikamfikia, naye ameshika tumbo. Chozi halikutoka.

Miezi ikapita. Tumbo halikukua, lilidunda tu, na mgongo ukaanza kuuma. Mumewe, Bizimana, akatafuta wabebaji wa machela wakampeleka Biharamulo kwa daktari wa Kizungu. Mkalimani alikuwa Shaban, mtu wa pwani. Daktari alibonyeza taratibu mno, kisha akauliza kama kuna wa damu yake aliyekufa ghafla. Esperansia akaeleza habari za Protasi. Daktari akamgeukia Shaban, akamweleza.

"Mama," Shaban akasema, "hamna mtoto. Ni mshipa mkubwa wa damu, umelegea ukavimba, kama mpira wa baiskeli uliochakaa. Daktari anadhani wa kaka yako ulikuwa kichwani, ukapasuka. Hana hakika. Ila anasema mishipa ya ndugu huenda ikafanana, kama pua zinavyofanana."

"Na wangu?"

Shaban hakumgeukia daktari. "Usibebe kizito, mama."

Njia nzima wabebaji waliimba, naye akawasikia kama watu wa ng'ambo ya mto. Nyumbani Clotilda alitoka mbio na mbeleko ya ngozi, ameilainisha kwa samli mpaka inang'aa. Bizimana akatikisa kichwa tu. Clotilda akaikunja mbeleko, akaikunjua, akaikunja tena.

Esperansia akatazama mlangoni. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumzuia. Akashuka bondeni mikono mitupu, akapanda upande wa pili hadi kwenye kaburi la Protasi, ambalo nyasi zilikwisha kulifunika. Akaketi. Akaweka kiganja palepale, juu ya kitovu.

"Kaka," akasema, "nimeruhusiwa."

Chini ya kiganja kile kitu kikaendelea kudunda.